Jiko la mkaa ndani ya gari la kulala: kisa cha familia moja ya Tabora iliyokwenda Kigoma

Watu sita walikula ugali na migebuka ya kuchoma, samaki wa Ziwa Tanganyika, jioni ile. Wanne walilala ndani ya gari, wawili wakalala kwenye hema. Kulipokucha, wanne wa ndani ya gari walikuwa hoi: vichwa vinawagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Wale wawili wa kwenye hema, bibi na mjukuu wake wa kiume wa miaka 12, waliamka wazima kabisa. Jibu la kisa chote lilikuwa hapo hapo, ila asubuhi ile kila mtu alikuwa anashughulika na wagonjwa, hakuna aliyewatazama wazima.

Familia hii imenisimulia yenyewe na imekubali niandike bila majina. Nilipata pia nafasi ya kulikagua gari waliporudi Tabora. Naandika kwa urefu kwa sababu magari ya namna hii yanaongezeka. Kila likizo ya Juni na Desemba inapokaribia, watu wananiletea Hiace, Coaster, hata Noah: toa viti vya nyuma, weka kitanda cha mbao, tia pazia, funga betri ya pili na taa. Ni jambo ninalolipenda. Mtoto aliyezaliwa Tabora, anayejua bwawa la Igombe tu, akifika Kigoma akaona maji yasiyo na mwisho, na siku ya mwanga mzuri akaonyeshwa milima ya Kongo ng'ambo, hasahau. Sitaki watu waache kusafiri na watoto wao. Nataka warudi nao.

Gari lilikuwa Hiace ndefu ya paa la juu. Kitanda kikubwa nyuma, chini yake masanduku ya vyombo, benchi moja pembeni linalofunguka kuwa kitanda cha mtoto. Mlango mmoja wa kuburuta ubavuni na mlango wa nyuma unaonyanyuliwa juu. Juu ya paa hapakuwa na tundu la hewa. Kwenye keria walipakia hema, godoro la ziada, unga, begi la nguo za akiba na madumu ya maji, wakafunika vyote kwa turubai moja kubwa la bluu na kulikaza kwa kamba za manila. Likumbuke hilo turubai.

Walishika barabara ya Urambo, Kaliua, Malagarasi mpaka Uvinza, wakalala gesti, kesho yake wakaingia Kigoma mapema. Uvinza, wakichemsha chai, gesi ilikata. Ulikuwa mtungi mdogo wa kilo 6 ambao nyumbani ulikuwa umeshatumika, hakuna aliyejua kimebaki kiasi gani. Mtungi unapimika kirahisi: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye shingo yake, unauning'iniza kwenye mizani ya ndoano kama ya wauza nyama, unatoa uzito ule, kinachobaki ndiyo gesi yako. Badala ya kutafuta mtungi mwingine mjini, baba alinunua kiroba cha mkaa barabarani. Jiko la mkaa walikuwa nalo tayari, la dharura. Mkaa wa njia ile ni wa miti ya miombo, mgumu, ukishika moto unakaa usiku kucha. Kwa mpishi ni sifa. Kwa kisa hiki ni sehemu ya tatizo.

Walipata sehemu ya kulala ufukweni kusini mwa mji, mahali panaporuhusu wageni wenye hema na magari. Watoto waliogelea mchana kutwa. Migebuka ilinunuliwa Kibirizi asubuhi ile ile. Hema lilisimamishwa mapema kwa sababu bibi alikuwa amekwishasema hatalala garini, hewa haimtoshi, na mjukuu wake mkubwa akaomba kulala naye.

Magharibi wingu lilivuka kutoka upande wa Kongo. Anayeishi kando ya ziwa anajua: upepo unatangulia, halafu mvua inakuja imelala, inapiga ubavuni. Jiko lilikuwa nje na samaki yuko juu yake. Baba akalisogeza chini ya mlango wa nyuma ulionyanyuliwa, ambao kwa dakika kadhaa ulikuwa kibaraza kizuri. Upepo ukageuka, mvua ikaingia hadi kitandani. Turubai lilikuwa juu ya keria, limefungwa mafundo yaliyokwisha kulowana, na chini yake kuna unga, godoro na nguo kavu pekee walizobaki nazo. Kulitoa lile turubai ili wapike chini yake ilikuwa ni kulowanisha kila kitu. Jiko likaingia ndani.

Hapa nataka niwe mwangalifu, maana waliosikia kisa hiki mtaani walimlaumu baba kwamba ni mzembe. Si kweli. Mkaa aliuwashia nje. Alisubiri moshi uishe, mkaa ukolee, uwe mwekundu wenye majivu meupe juu. Aliliweka jiko kwenye sinia lenye mchanga mlangoni ili lisiunguze sakafu. Aliacha kioo cha mlango wa mbele wazi kiasi cha vidole viwili. Mama akaweka sufuria la maji juu ya jiko, kwa imani waliyoikuta kwa wazazi wao kwamba maji hunyonya sumu ya mkaa. Hao ni watu waliojitahidi kwa walichokijua. Na walichokijua ndicho kilichowaponza.

Sumu yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi ambao sisi tunauogopa ni kitu kingine: ni unyevunyevu, lami na vumbi la mkaa mbichi. Moshi ukiisha tunadhani hatari imeisha, kumbe mkaa uliokolea ndio unaoitoa kaboni monoksaidi kwa wingi, tena kwa saa nyingi, hata unapoonekana kuwa majivu matupu. Maji juu ya jiko hayainyonyi, kwa sababu haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kusaidia chochote. Kioo cha vidole viwili nacho hakitoshi, hasa kikiwa upande mmoja tu wa gari: hewa haina pa kuingilia na pa kutokea. Sumu hii haikai chini wala haipandi juu kabisa. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo inachanganyika kila mahali, aliyelala juu na aliyelala chini wote wanaivuta.

Ikishaingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana haihitaji kuwa nyingi. Na gari ni dogo. Ile Hiace, kwa vipimo nilivyochukua, ina kama mita za ujazo 10, ukiondoa kitanda, masanduku na watu wenyewe inabaki pungufu ya hapo. Chumba cha futi 12 kwa 12 chenye dari ya kawaida kina zaidi ya mita 30, tena huwa na matundu juu ya madirisha, upenyo chini ya mlango, bati lisilokutana na ukuta. Gari limetengenezwa lisivuje maji, limezungushiwa mpira kila mlango. Jiko ambalo nyumbani watu wamelitia chumbani wakati wa baridi wakaamka na kichwa tu, kwenye gari linaweza kumaliza familia.

Baada ya kula, jiko halikutoka. Nguo za kuogelea na kanga zilikuwa zimelowa, zikatundikwa kwenye kamba ndani ya gari ili zikauke kwa joto. Mdogo wa miaka minne alikuwa anatetemeka. Mvua bado inapiga. Mkaa umebaki kidogo, una majivu, "unazimika wenyewe." Saa nne usiku wakalala: baba, mama, binti wa miaka tisa na yule mdogo.

Kama saa sita binti alilalamika kichwa. Mama alimpa panadol bila kuwasha taa, akaona na yeye kichwa kinamuuma, akadhani ni jua la mchana. Baba anasema alisikia mazungumzo lakini mwili ulikuwa mzito kama wa mtu aliyefanya kazi ya shamba kutwa. Saa nane mdogo alitapika kitandani. Mama alinyanyuka amtoe nje, miguu ikakataa, akaangukia mlango wa kuburuta huku ameshika kitasa, na mlango ukafunguka. Upepo wa ziwa ukaingia. Alibaki amekaa pale mlangoni na mtoto mapajani, mlango wazi, kwa muda mrefu, kwa sababu hakuweza kusimama.

Mlango ule ndio uliowaokoa wote. Si uangalifu wa mtu, si kioo kilichoachwa wazi. Mtoto alitapika. Asingetapika, mama asingeamka, na mwandishi wa kisa hiki angekuwa polisi.

Bibi alipotoka hemani alfajiri na kuwakuta hali ile, aliwapa maziwa. Kwetu maziwa ndiyo dawa ya kwanza ya kila sumu. Hapa hayasaidii kitu, maana sumu haiko tumboni, iko kwenye damu, na kinachoitoa ni oksijeni tu. Tena mtu aliyelegea ukimnywesha anaweza kupaliwa.

Walifika kituo cha afya saa mbili asubuhi. Vipimo vya malaria vikatoka hasi kwa wote wanne. Fikra ikahamia kwa samaki. Mhudumu aliyekuwa zamu, Mungu ambariki, akauliza swali ambalo naona kila mtu anayesafiri na familia anapaswa kulijua kwa moyo:

"Nani kati yenu hakuumwa?"

"Mimi na huyu kijana," bibi akajibu. "Lakini mwanangu, nadhani ni wale migebuka."

"Bibi, na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Na mjukuu?"

"Ndiye aliyekula kuliko wote."

"Mlilala wapi nyie wawili?"

"Kwenye hema."

Akamgeukia baba: "Na nyie, baba, ndani ya gari mlikuwa na nini usiku?"

Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kilikuwa kimeonyesha asilimia 98 kwa mama, namba ambayo kwa kawaida inamtuliza kila mtu. Katika sumu hii inadanganya. Kifaa kinapima jinsi damu inavyopitisha mwanga, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi kinaiona kama imebeba oksijeni. Mhudumu aliijua hiyo, hakuiangalia mara ya pili. Akawawekea oksijeni ya barakoa na kuwapeleka hospitali kubwa.

Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hii hutoka kwenye damu kwa saa nne hadi tano hivi. Kwa oksijeni safi ya barakoa inashuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Walikuwa wameshavuta hewa ya ziwa kwa muda wa saa sita tangu mlango ufunguke, kwa hiyo walifika zaidi ya nusu imeshatoka, na ndiyo maana walifika wakiongea. Waliruhusiwa wakiwa na maagizo ambayo watu wengi huyapuuza: kwa wiki kadhaa mbele, waangalie kama kuna anayesahausahau, anayebadilika tabia, anayeyumba akitembea. Madhara ya ubongo yanaweza kuchelewa, mtu akaonekana amepona halafu yakaja. Kwa mama mjamzito maagizo yangekuwa makali zaidi, kwa sababu mtoto tumboni anaishikilia sumu hii muda mrefu kuliko mama. Hawa wanne, namshukuru Mungu, hawakuonyesha dalili nyingine.

Kwa hiyo: wanaolala chumba kimoja au gari moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu usiku mmoja, msianze na malaria. Malaria haiwaangushi watu wanne kwa wakati mmoja. Fungueni milango yote, toeni kila mtu nje, na hasa yule "aliyelala vizuri" ambaye hamtaki kumsumbua, maana huyo ndiye huenda amezidiwa. Asiyejitambua alazwe ubavu. Hospitalini, sentensi ya kwanza iwe "tulilala na jiko la mkaa," kabla ya kueleza kichwa au tumbo.

Sasa niseme ninachokiamini kuhusu chanzo. Ushauri unaotolewa siku zote ni mmoja: usilale na jiko ndani. Ni wa kweli, lakini hautoshi. Saa ile magharibi, mvua inapiga, mtoto anatetemeka, chakula nusu kimeiva, hakuna baba wala mama atakayetupa jiko mvuani kwa sababu ya tangazo alilolisikia redioni. Jiko liliingia ndani kwa sababu nje hapakuwa na mahali pake. Familia hii haikukosa onyo, ilikosa turubai la pili. Lile moja lilipewa kazi mbili, kufunika mzigo na kuwa kibanda cha mvua, na siku ya mvua kazi zote mbili zilihitajika kwa wakati mmoja.

Turubai la mzigo libaki la mzigo. La pili, la mita 4 kwa 6 au linalokaribia, lisafiri ndani ya gari karibu na mlango, na fito mbili za mita mbili na ushee, vigingi na kamba. Upande mmoja funga kwenye keria, upande wa pili kwenye fito, ukiushusha chini kidogo ili maji yateremke mbali na mlango. Lisimamishe unapofika, jua likiwa linawaka, si wingu likishafika. Jiko likae ukingo wa mbali, upande ambao upepo unapeleka hewa yake nje na si garini. Mlango wa nyuma ulionyanyuliwa usiuhesabu kama kibanda: kinachotoka kwenye jiko kinaingia moja kwa moja kitandani. Wala usisukume jiko lililokwisha kupika chini ya gari ili lisilowe. Hapo unapata sumu inayopenya sakafuni na, ukikosa bahati, moto kwenye tangi. Mkaa ukimaliza kazi, mwagia maji mpaka uache kuchemka, au uache nje huko huko.

Jambo la pili ni baridi, kwa sababu jiko lilibaki kwa ajili ya joto na nguo. Seti moja ya nguo kavu ya kila mtoto ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na ikae ndani ya gari, isiguswe kwa lolote lingine. Baridi ya garini hutokea chini, kwa hiyo godoro jembamba juu ya mbao linahitaji blanketi chini yake, si juu ya mtoto tu. Chemsha maji mapema, mengine yaweke kwenye chupa imara iliyofungwa vizuri, ivingirishwe taulo, iwekwe miguuni. Uji ukae kwenye chupa ya chai.

Na pawepo mlo mmoja usiotaka moto kabisa. Watu wa Tabora tunakosaje hiki? Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga za kukaanga, asali, ndizi mbivu. Mvua ikikukuta hujapika, watoto wanakula hicho, jiko linabaki nje, na asubuhi mnapika samaki wenu kwa raha.

Kuna king'ora maalumu cha kaboni monoksaidi. Si kile cha moshi, na si kile cha gesi ya kupikia. Ni vifaa vitatu tofauti. Kwa magari ya kulala na boti, tafuta chenye maandishi EN 50291-2. Hicho hulia ndani ya dakika tatu sumu ikifikia sehemu 300 katika kila sehemu milioni za hewa, na hulia hata kwenye sehemu 50 ikidumu kati ya dakika 60 na 90. Kifunge karibu na vichwa vya wanaolala, kijaribu kwa kitufe chake kila safari, na angalia tarehe ya mwisho, maana kihisio chake huchoka. Si kila duka la mjini kwetu linakiuza, wengi huagiza. Mimi sikabidhi tena gari la kulala bila hicho, hata mwenye gari akisema atabeba gesi tu, kwa sababu sumu hii haitoki kwenye mkaa peke yake. Injini ikiachwa inanguruma ili AC iwapoze watoto wamelala, au jenereta ikiwekwa pembeni ya dirisha, ni ile ile. Jenereta ikae mita 6 au zaidi, bomba lake likiangalia mbali na gari na mahema ya majirani.

Baba aliporudisha gari tulifanya kazi mbili: tundu la hewa juu ya paa, na matundu madogo sakafuni karibu na sehemu ya mtungi, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Akaniuliza kama sasa anaweza kupikia ndani kwa gesi. Nilimwambia apikie chini ya turubai hata kwa gesi. Ndani achemshe uji wa mtoto tu, mlango wa kuburuta na wa nyuma vikiwa wazi, mtu mzima akiwa macho pale pale, na akimaliza afunge valvu ya mtungi wenyewe, asitegemee kitufe cha jiko.